Basketi au NFL: nani anaweza kuvuka, na kijana wako abaki wapi

Mwaka 2024 Austin Rivers, mtoto wa kocha Doc Rivers ambaye na yeye kacheza NBA miaka kibao, alitoa kauli moja ikawasha moto Marekani: kwamba anaweza kuchukua wachezaji 30 wa NBA sasa hivi akawapeleka NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, na wakacheza, ila huwezi kuchukua 30 wa NFL ukawapeleka NBA. J.J. Watt na wenzake wa NFL wakamjia juu, wabishi wa pande zote wakapata kazi ya kufanya, na mpaka leo ubishi haujaisha. Ninavyoona mimi Rivers kapatia nusu. Njia ya kutoka basketi kwenda NFL ipo kweli na watu wameipita, na ya kurudi huku karibu imefungwa. Alipokosea ni kusema wachezaji wa NBA. Waliovuka hawakutoka NBA bana, walitoka chuoni, tena wengi wao walivuka kwa sababu ilishaonekana NBA hamna nafasi yao. Inaonekana tofauti ndogo ila kwa mzazi anayemchagulia mtoto njia ndo kila kitu.

Futiboli ninayoongelea hapa sio ya Simba na Yanga, ni ile ya Kimarekani, ya helmeti na mpira wenye umbo la yai. Na naandika hasa kwa ndugu zetu walioko Texas, Ohio, Iowa, Minnesota na kwingineko ambao kijana kafika sekondari, anacheza yote mawili, mwili unazidi kupanda, na makocha wawili kila mmoja anamvutia kwake. Wa huku nyumbani mnaobishana tu na nyie karibuni, hakuna kiingilio.

Kutoka basketi kwenda NFL

Mlango ni mmoja na unaitwa taiti endi. Huyu ni mchezaji anayesimama mwishoni mwa ule mstari wa mbele, nusu ya kazi yake ni kuzuia watu wasimfikie kwotabeki, yule mrusha pasi, na nusu nyingine ni kukimbia mbele akadake pasi. Sasa angalia anavyodaka: anageuza mgongo kwa beki, anatanua mwili ili beki asipite, anaruka na kuudaka mpira ukiwa juu kabisa. Hiyo ni ribaundi! Ni ile ile ya kugombania mpira uliokosa kikapu, kimebadilika umbo la mpira tu. Mtu aliyetumia miaka kumi kugombania ribaundi na watu wa mita mbili anajua mwili wake ukae wapi kabla mpira haujafika, na hicho ni kitu makocha wa NFL wanahangaika sana kumfundisha mtu.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Antonio Gates. Huyu alicheza basketi Kent State, timu yake mwaka 2002 ikafika robo fainali ya kitaifa ya vyuo, na futiboli ya chuo hakucheza hata mechi moja. Tatizo lake urefu, ana kama mita 1.93 na alikuwa anacheza kule ndani chini ya kikapu, nafasi ambayo NBA wanaweka watu wa mita 2.05 kwenda juu. Maskauti wakaona hapa hamna kitu. Mwaka 2003 drafti ya NFL, ile ya timu kuchagua vijana wapya kwa zamu, ikapita hakuna aliyemtaja, Chargers wakamsaini kama mchezaji huru tu, akakaa nao misimu 16 na kuondoka na tachidauni 116 za kudaka, yaani mara 116 alidaka na kufunga, rekodi ya nafasi yake mpaka leo. 2025 wakamwingiza kwenye jumba la magwiji huko Canton. Mtu ambaye hajacheza futiboli chuoni!

Tony Gonzalez yeye alicheza vyote viwili pale California, Berkeley, akachaguliwa na Kansas City namba 13 mwaka 1997, akadaka mipira 1,325 katika maisha yake ya kazi. Jimmy Graham alicheza basketi miaka minne Chuo Kikuu cha Miami, akaongeza mwaka mmoja tu wa futiboli, Saints wakamchukua raundi ya tatu 2010 na mwaka uliofuata tu akadaka pasi 99. Huyu Graham ana mita 2.01 na alikuwa akifunga tachidauni anakwenda kupiga danki kwenye nguzo za goli, 2013 kule Atlanta akaipinda nguzo mpaka mechi ikasimama wakanyooshe, msimu uliofuata ligi ikapiga marufuku kabisa. Mpaka leo nikikumbuka nacheka. Halafu yupo Mo Alie-Cox aliyetoka basketi ya chuo cha VCU moja kwa moja mpaka Colts ya NFL, naye futiboli ya chuo hakuigusa.

Julius Peppers aliingilia upande mwingine, wa ulinzi. Alicheza futiboli North Carolina na hapo hapo akawa kwenye timu ya basketi iliyofika nne bora mwaka 2000. Panthers wakamchukua namba mbili 2002, kazi yake ikawa kumkimbiza kwotabeki, na sasa na yeye yupo Canton tangu 2024. Ila Peppers tusimhesabu kama aliyevuka, futiboli aliicheza muda wote, basketi ndo ilikuwa ya pembeni.

Sasa kabla hujamtoa mtoto uwanja wa basketi ukamvisha helmeti, kuna Rico Gathers. Huyu ndo anashika rekodi ya ribaundi ya chuo cha Baylor, mwili wa kutisha, mita 1.98 na zaidi ya kilo 125, ukimwona unasema huyu Gates mwingine. Cowboys wakamchukua raundi ya sita 2016. Akaishia kudaka mipira michache mno, 2019 wakaachana naye. Mwili alikuwa nao wote. Ila taiti endi sio kudaka tu, kuna kuzuia, kuna kukariri michezo mamia kwenye kitabu cha timu, kuna kujua beki akisogea hatua mbili kushoto na wewe ubadili njia hapo hapo bila kuambiwa na mtu, na kwotabeki awe anajua kwamba umekiona alichokiona yeye. Wale waliofanikiwa tunawaimba, ambao hawakutoboa tunawasahau, na ndo maana njia inaonekana pana kuliko ilivyo.

Na waliotoka NBA yenyewe? Hapo ndo hoja ya Rivers inapokosa mashahidi. Nate Robinson, yule mfupi wa mita 1.75 aliyebeba ubingwa wa danki mara tatu, alicheza futiboli mwaka wake wa kwanza Chuo cha Washington akiwa kornabeki, beki wa kumkaba mdaka pasi, na mzuri tu, akaiacha akaenda zake NBA. 2016 akiwa na miaka 32 akaomba majaribio Seahawks, wakampa, wakamwangalia, hawakumsaini. Ukitaka aliyecheza ligi zote mbili kweli kweli inabidi urudi zamani sana, Bud Grant, aliyechukua ubingwa wa NBA na Lakers ya Minneapolis mwaka 1950 halafu akaenda kucheza Eagles 1951 na 1952. Enzi hizo mshahara ulikuwa mdogo, mazoezi ya mwaka mzima hayakuwepo, mchezaji akimaliza msimu anatafuta kibarua kingine na kibarua kingine kikiwa ni mchezo mwingine sawa tu. Leo hakuna timu itakayomruhusu mtu wake akagongwe huko kwa majaribio.

LeBron je? Maana bila LeBron ubishi huu haukamiliki. Pale shule ya St. Vincent-St. Mary, Akron, alikuwa risiva, mkimbiaji anayedaka pasi, na akiwa mwaka wa pili tu aliwekwa kikosi bora cha jimbo la Ohio. Mwaka wa mwisho futiboli akaipumzisha, kapu lilikuwa limeshamwita. 2011 NBA ilipofunga milango kwa mgogoro wa mikataba, amesimulia mwenyewe kwamba mwenye Cowboys Jerry Jones alimpa ofa na aliifikiria kwa dhati. Angeweza? Mi nasema angeweza, mita 2.06 na kilo 113 na ile spidi, tena aliwahi kucheza, aliwahi kugongwa. Ila ukishamtaja LeBron ubishi umeacha kuwa wa wachezaji wa basketi, umekuwa wa LeBron, na mtoto wako sio LeBron. Samahani lakini.

Kutoka NFL kwenda basketi

Hapa ni kifupi kwa sababu mifano ni ya kuokoteza. Charlie Ward ndo anayetajwa kila siku. Alikuwa kwotabeki wa Florida State, 1993 akabeba Heisman, tuzo kubwa kuliko zote za futiboli ya chuo, na ubingwa wa nchi juu. Akawaambia timu za NFL mkinichagua chini ya raundi ya kwanza naenda zangu kwenye kapu. Hawakumchagua kabisa. Knicks wakamchukua namba 26 mwaka 1994, akacheza NBA mpaka 2005 na akawa anaanza kwenye timu iliyofika fainali 1999. Safi sana, ila ona tena, kavukia chuoni, na kapu alikuwa analicheza huko huko chuoni kwa miaka kadhaa, hakuanza upya.

Allen Iverson naye alikuwa kwotabeki shuleni Bethel, Hampton, Virginia, shule ikachukua ubingwa wa jimbo wa michezo yote miwili yeye akiongoza. Watu waliomwona wanasema alikuwa mkali zaidi huko. Sawa, lakini naye aliamua mapema.

Aliyekuwa tayari staa wa NFL akajaribu kapu ni Gonzalez, 2002 alicheza ligi ya kiangazi na Miami Heat. Mtu aliyecheza kapu la chuo vizuri, mwili upo, umri upo. Ikaishia hapo hapo kiangazi, akarudi Kansas City.

Halafu kuna ile mechi ya mastaa wakati wa All-Star, wikiendi ya nyota wa NBA, ambayo watu wa NFL wanapenda kuitolea ushahidi. DK Metcalf, risiva wa NFL, alikuwa mchezaji bora 2023, Micah Parsons 2024 na akafunga pointi 37. Tunapiga makofi, ila wapinzani pale ni wanamuziki na waigizaji, mtu wa kilo 110 anayelipwa kukimbiza watu lazima awatese.

Kwa nini huku kugumu hivyo? Kwa sababu kapu linamwonea mtu asiye na mikono iliyokua nalo. Kudunda bila kuangalia mpira, kushuti ukiwa umechoka na mtu kakunyooshea mkono usoni, kuona pasi kabla haijafunguka, hivyo vitu vinaingia mtu akiwa na miaka 8, 10, 12. Ukianza na 22 ni kama kujifunza lugha ukubwani, utaongea ila wenyewe watakusikia mara moja. Na kwenye kapu hakuna pa kujificha, wako watano, kila mmoja anashambulia na kukaba, udhaifu wako mmoja timu pinzani watauita kila wakija. NFL kila mtu ana kazi yake moja na kuna watu wanaingia kupiga mpira tu na kutoka.

Kuna kitu kimoja kinachovunja kanuni hiyo na sisi tunakijua vizuri, urefu wa kupindukia. Hakeem Olajuwon alikuwa anacheza handiboli na kudaka golini Lagos, Joel Embiid alianza kapu na miaka 15 huko Cameroon, na Hasheem Thabeet wetu wa Dar na yeye kaanza akiwa kijana mkubwa tayari. Wote watatu wana mita 2.13 kwenda juu. Thabeet 2.21, na 2009 akachukuliwa namba mbili na Memphis, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na 2014 alikuwa ameshatoka kwenye ligi. Kwa hiyo urefu huo unakufungulia mlango hata ukichelewa, kukaa ndani ni habari nyingine. Na mtu wa 2.13 NFL anakwenda kufanya nini hata?

Miili ukiiweka bega kwa bega

NBA wastani wao unacheza kwenye mita 1.98 hadi 2, mikono mirefu, wembamba kiasi, mwili wa kukimbia na kuruka mechi 82 kwa msimu. NFL mechi 17 tu lakini mwili ni wa ajali ya kila wiki. Wale wa mstari wa mbele wana kilo 140 na zaidi, risiva na kornabeki ni watu wa kawaida kabisa kwa urefu, unawapita mtaani hushtuki, ila spidi zao sio za kawaida. Metcalf na mita zake 1.93 na misuli ile alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.33. Watu wa basketi wakisema sisi ndo wanariadha bora wanasahau kuna binadamu wa hivyo.

Halafu kuna hili la urefu ambalo wabishi wengi hawalioni. Kwenye kapu kuwa mrefu ni mtaji tu. Kwenye futiboli, kwenye kugongana, anayekaa chini ndo mshindi, bega lake likiingia chini ya lako umekwisha hata uwe na kilo ngapi. Mtu wa mita 2.06 ana miguu mirefu iliyo wazi na mabeki wamefundishwa kuikata hiyo miguu. Kuruka juu kudaka mpira ni raha, kushuka ndo kazi, maana kapu unashuka kwenye mbao na refa analinda sehemu yako ya kutua, huku unashuka na mtu anakusubiri kwa kasi yote na ni halali yake, mradi asilenge kichwa.

Na kugongwa ni kipaji cha peke yake. Sio ushujaa, ni mazoea, mwili ujue kukaza shingo, kugeuka, kuanguka, kuamka, kurudia mara 50 jioni moja na kesho Jumatatu kwenda mazoezini. Kuna vijana wakubwa wa maumbo ambao wakigongwa mara mbili kisawasawa macho yanahama kwenye mpira yanamtafuta beki, na risiva ambaye macho yamehama hadaki tena. Huwezi kulijua hilo kwa kumtazama mtoto akiwa na jezi ya kapu.

Ndio maana waliotoka ragbi kidogo wana nafuu ya hofu, ila hata wao. Daniel Adongo, Mkenya wa kwanza kucheza NFL, alitoka ragbi akasainiwa na Colts 2013 bila kuwahi kucheza futiboli kabisa maishani, mita 1.96, mwanariadha hasa. Akapata mechi chache, 2015 safari ikaisha. Upande wa pili Jordan Mailata wa Australia, naye ragbi, naye hakuwahi kucheza, Eagles wakamchukua raundi ya saba 2018, wakakaa naye wakimfundisha msimu mzima na wa pili bila kumchezesha, leo ni nguzo ya mstari wao na ana pete ya Super Bowl. Tofauti ya hawa wawili sehemu kubwa naiona kwenye nafasi waliyopangiwa na subira waliyopewa. Subira hiyo huwezi kuinunua, unabahatika tu kuipata.

Nafasi ziko ngapi na hela iko wapi

Hapa ndo wazazi wakae vizuri.

NBA ina timu 30, kila moja watu 15 wa mkataba kamili, jumla 450, ongeza wale watatu watatu wa mkataba wa kwenda na kurudi ligi ndogo. Drafti yake raundi mbili, kama watu 60. NFL timu 32, kila moja watu 53, jumla 1,696 bila kuhesabu kikosi cha mazoezi, drafti raundi saba. Na hao 450 wa NBA sio Wamarekani tu, dunia nzima inagombania, Serbia, Ufaransa, Kongo, Sudan Kusini, wote wako kwenye foleni ile ile. NFL bado ni ya Wamarekani karibu wote.

Ila NFL isikusahaulishe chuo, maana mtoto wako uwezekano mkubwa ataishia chuo na hapo ndo faida ya kweli ilipo, digrii bila deni. Zamani chuo kikubwa kiliruhusiwa skolashipu 85 za futiboli na 13 za basketi ya wanaume. Tangu 2025 utaratibu umebadilika, vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano mapya vina ukomo wa kikosi badala ya ukomo wa skolashipu, futiboli watu 105 na basketi 15. Vyovyote utakavyopiga hesabu, kiti kimoja cha kapu kinalingana na kama saba vya futiboli.

Hela sasa. Mchezaji mmoja mmoja, NBA inalipa vizuri zaidi na, muhimu kuliko kiasi, mikataba yake mingi imehakikishwa, ukiumia unalipwa. Jayson Tatum 2024 alisaini dola milioni 314 kwa miaka mitano. Patrick Mahomes 2020 alisaini za kama milioni 450 lakini kwa miaka 10, na yeye ndo kwotabeki, mfalme wao. Mchezaji wa kawaida wa NFL sehemu kubwa ya mkataba wake haijahakikishwa, timu ikiamua kesho hakuhitaji, kwaheri. Kwa umri pia kuna tofauti, NBA unaingia ukiwa na miaka 19 na msimu mmoja umepita toka umalize sekondari, NFL lazima ipite miaka mitatu.

Na kichwa. 2017 watafiti wa Boston walichunguza bongo za wachezaji wa NFL waliofariki, 110 kati ya 111 zilikuwa na ugonjwa ule wa ubongo unaotokana na kugongwa mara kwa mara. Ni kweli hizo bongo zilitolewa na familia ambazo nyingi zilishaona dalili, kwa hiyo sio kwamba 110 kati ya kila 111 wanaugua, usinukuu hivyo. Lakini hata ukipunguza nusu, ukapunguza tena, bado mimi kama mzazi nalala nalo hilo. Kapu linakula magoti na vifundo, kichwa linakiacha salama kiasi.

Sasa kijana abaki wapi

Nitasema ninavyofikiri, mwenye mtoto ataamua.

Kama ni mfupi chini ya mita 1.85 na ana spidi ya hatari, kapu limpe raha yake ila skolashipu itafute kwenye futiboli, kornabeki, risiva wa ndani, mkimbiza mpira. Iverson na Robinson wapo, ndio, na unawataja kwa majina kwa sababu ni wachache hivyo.

Akiwa kati ya 1.90 na 1.98, mzito, anapenda kule chini kusukumana, ribaundi zake nyingi kuliko pointi, huyo ndo mtu wa kina Gates na ndo kwenye uamuzi mgumu. Ushauri wangu asiache kapu, ila futiboli asiichelewe mpaka chuo kiishe. Gates alibahatika. Akianza kuvaa pedi akiwa na miaka 15 au 16, misimu miwili tu, atajua kama mwili wake unakubali kugongwa na atajua lugha ya kitabu cha michezo. Akisubiri kama Gathers, anaingia kwenye usaili akiwa na umbo peke yake.

Wa urefu huo huo lakini anashuti, anaongoza mpira, anaona pasi, mwache kwenye kapu kabisa. Huo ufundi hauna soko upande wa pili na ukiusimamisha miaka miwili huurudishi.

Zaidi ya mita 2 na bado anakua, basi usiniulize mimi, kapu, na futiboli asiende hata kuangalia ovyo.

Kama ana mwili wa kilo 120 na kuendelea akiwa sekondari na urefu wa kawaida, kapu litamsaidia miguu na pumzi, ila kazi yake ipo kwenye mstari. Usimnyime kapu lakini, watu wa mstari wenye miguu ya kapu makocha wanawapenda sana.

Na hamna haja ya kuamua leo. Misimu yenyewe haigongani sana, futiboli ya sekondari inaanza Agosti inakwisha Novemba au Desemba, kapu linashika Novemba mpaka Machi. Panapobana ni kiangazi, ligi binafsi za kapu zinataka safari kila wikiendi na kocha wa futiboli anataka mtoto chumba cha vyuma. Kaa na makocha wote wawili pamoja, sio mmoja mmoja, waulize mbele ya mwenzake nani anapata Juni na nani Julai. Kuna watakaosema mtoto achague mmoja sasa hivi. Gates huyo huyo alianzia Michigan State akitaka kucheza vyote, kocha Nick Saban akataka abaki futiboli tu, jamaa akaondoka, akazunguka vyuo vingine kabla ya kutua Kent State. Kwa hiyo kocha akikomaa, muulize na hili: mtoto akiumia goti mwezi wa tisa, ile nafasi yake utaishikilia mpaka lini? Jibu lake lisikilize vizuri, halafu muulize na wa pili swali hilo hilo.